Sauti ya Mzee Pamba kwa Malipo ya Mwezi

Mama Miwani hakuwa mtu wa kulipia kitu asichoweza kukishika. Mkate aliubonyeza kwanza. Viatu vya mtoto alivikunja soli mbele ya muuzaji, na muuzaji akinuna, alimwambia anune tu, kununa hakuna gharama. Kwa hiyo kaka yake alipotuma ujumbe kwenye kundi la familia kwamba kila mmoja ajiandae kuchangia kila mwezi programu ya kutazama filamu za makala, alimjibu papo hapo, lenzi ya mteja ikiwa bado kati ya vidole vyake viwili.

"Makala za nini? Simba anamla swala. Nimeshaona. Swala hajawahi kushinda."

Kaka akajibu kwa kurekodi sauti, maana kuandika aliona ni kazi ya makarani. "Mdogo wangu, kabla hujaanza kung'ata, sikiliza. Si simba. Ni baba yetu. Ile filamu yake imetoka. Jirani yangu ameiona, na mtaa mzima unaizungumzia."

Mama Miwani akazima mashine ya kusagia lenzi na kukaa chini.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa na stashahada ya ufundi wa miwani, akafanya kazi katika chumba cha nyuma cha duka moja la miwani, akisaga lenzi mpaka ziingie kwenye fremu bila kulazimishwa. Baba yake watu walimwita Mzee Pamba. Alikuwa fundi magodoro, si haya ya sponji yanayokuja yamekunjwa kwenye nailoni, bali ya pamba, yale yanayofumuliwa yakichoka, pamba ikatolewa, ikapigwa kwa fimbo mpaka ipumue, ikarudishwa ndani na kushonwa upya.

Na akipiga pamba alikuwa akiongea. Aliliongelesha godoro kama mtu aliyemkosea. "Wewe umelaliwa na mwanamume anayepiga mateke. Ona, pamba yote imekimbilia ukutani. Umefanya vizuri, hata mimi ningekimbia." Wateja walikuja na magodoro yasiyohitaji kufumuliwa ili wasikie tu yatasemwa nini. Kabla ya kushona tundu la mwisho, mzee aliweka mdomo pale kwenye tundu akaliachia godoro maagizo kuhusu mwenye godoro, kisha akashona haraka, ati maneno yasitoke. Haikuwa mila ya mtu yeyote. Alianza mchezo huo siku moja kumnyamazisha mtoto wa mteja aliyekuwa akilia, akaona watu wanaupenda, akauendeleza.

Kisha koo likamwuma. Madaktari, ili kuokoa uhai wake, walikiondoa kisanduku chote cha sauti. Sasa mzee alipumua kwa tundu la shingoni lililofunikwa kwa kitambaa laini, na alichotaka kusema alikiandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Aliishi kwa binti yake. Kitinda, mtoto wa mwisho wa Mama Miwani, wakati ule alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hakuwa na kumbukumbu ya babu yake akisema hata neno moja.

Wala hapakuwa na sauti iliyobaki mahali popote. Simu yenye jumbe za sauti za mzee ilipokonywa dirishani mwa basi. Hakuna aliyewahi kukaa akamrekodi. Nani anarekodi mvua? Mvua huwa ipo tu. Na lile ambalo Mama Miwani hakumwambia mtu, hata mumewe aliyekuwa dereva wa malori ya mbali na msikilizaji mzuri kwa sababu hiyo hiyo, ni kwamba alikuwa ameanza kusahau. Maneno ya baba aliyakumbuka. Lakini yalipokuja kichwani yalikuja kwa sauti yake yeye binti, si ya baba.

Ndiyo maana alikaa chini. Filamu ile ilipigwa kabla ya upasuaji.

Akampigia kaka yake.

"Walikuja pale karakanani wiki ngapi wale? Wakala chakula changu. Wakahamisha magodoro ya watu kutafuta mwanga. Wakaahidi wataleta nakala. Sasa nilipie, kumwona baba yangu mwenyewe?"

"Dada, ndivyo dunia inavyokwenda."

"Dunia ipi? Mimi naishi hii hii yako na kwangu haiendi hivyo."

"Mwezi wa kwanza ni bure. Wanakuonjesha. Baadaye ndiyo wanakata. Mimi nitafungua usajili kwa jina langu, nyinyi mtanichangia, basi. Jumapili nakuja kuunganisha kwenye TV yako. Usijisumbue na chochote, niachie mimi."

Niachie mimi. Kaka huyo aliitwa Mwenyekiti kwa sababu ya maneno hayo mawili. Harusi, mazishi, kesi ya mipaka ya kiwanja, kote aliachiwa yeye. Hata mkiwa wawili jikoni mnachemsha maji, yeye atafungua kikao. Ndiye aliyewapokea wale watu wa kamera, akawapangia siku, akamnunulia mzee shati jipya la kupigia pamba, kichekesho ambacho mzee mwenyewe alikicheka wiki nzima.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Mwenyekiti alifika amevaa koti. Mzee Pamba alikuwa amenyoa ndevu na kukaa kwenye kiti chake, Kitinda magotini. Mama Miwani alisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo, akijiambia kwamba akikaa itaonekana anataka sana.

"Nimeshapanga kila kitu," alisema Mwenyekiti, akibonyeza rimoti kama anayefungua sefu. "Naomba tu mtu asiguse mipangilio. Ikichezewa inavurugika yote."

"Ni TV yangu," alisema Mama Miwani.

"TV ni yako. Usajili ni wangu."

Filamu ikaanza. Vumbi la pamba likielea kwenye mwanga wa mlango. Fimbo ikipanda na kushuka. Kisha mzee mwenyewe, shingo nzima, isiyo na tundu, kamba ya kipimo begani. Alikuwa amenenepa kidogo wakati ule. Mama Miwani alisahau kitambaa mkononi. Mzee wa kwenye TV akalitazama godoro lililokuwa mbele yake, akaliinua upande mmoja, akafungua mdomo.

"Ee, we—"

Hapo ikaingia sauti nyingine. Sauti nene ya mwanamume, ya Kiingereza, iliyopigwa pasi kama ya mtu anayetangaza ndege. Ilitua juu ya sauti ya mzee na kuizamisha. Mdomo wa mzee uliendelea kwenda. Chini kabisa kulisikika kitu kama mtu anaongea nyumba ya tatu.

Mama Miwani alielewa Kiingereza, alikisomea. Sauti ile ilikuwa ikisema kwamba katika jamii ya mzee huyu watu huamini nafsi ya mlalaji hubaki ndani ya godoro. Mzee alipopinda na kuweka mdomo kwenye tundu, sauti ilishuka kwa heshima ikasema kwamba fundi anapuliza baraka za mababu. Mzee alipokohoa na kujishika koo, sauti ikasema vumbi la kazi hii limeniingia kooni, lakini ni vumbi la baba zangu, nami nalibeba kwa fahari.

"Vumbi la baba zake nani?" alisema Mama Miwani. "Babu yetu alikuwa anauza mafuta ya taa."

"Tafsiri ya kisanaa hiyo," alisema Mwenyekiti.

Mabega ya Mzee Pamba yalikuwa yakitikisika. Mama Miwani alidhani analia, akasogea, akakuta anacheka kile kicheko chake cha siku hizi kisicho na mlio, machozi yakimtoka. Mzee akachukua simu, akaandika, akamwonyesha: Mababu gani. Nilikuwa naliambia godoro lisimruhusu yule mama wa duka la mkaa akorome.

Kisha kicheko kikaisha. Aliitazama TV kwa muda, kichwa kimeinama upande wa spika kama mtu anayetafuta redio. Akaandika tena, akaishika simu juu ili wote waone.

Sauti yangu iko wapi?

Kitinda, ambaye alikuwa ameahidiwa kumsikia babu, alitazama TV, akamtazama babu, akasema, "Kumbe Babu ni Mzungu."

"Zima," alisema Mama Miwani.

"Haijaisha. Kuna sehemu nzuri mbele."

"Nimesema zima. Walimchukua mzee na maneno yake, wakayatupa, wakamtia mdomoni ya kwao, halafu niwalipe kila mwezi? Mwizi akikuibia kuku huwa harudi kukuuzia manyoya."

"Ndiyo shida yako, unaangalia karibu tu. Baba yuko kwenye nchi mia sasa hivi. Heshima hiyo utainunua duka gani?"

"Anaonekana, hasikiki. Mmemkata sauti mara ya pili. Hakuna ya Kiswahili?"

"Hakuna. Niliuliza. Wametengeneza kwa ajili ya dunia nzima."

"Basi dunia nzima ilipie. Mimi simo."

Mwenyekiti akavuta pumzi kama anayefunga ajenda. Alisema watu wakitulia wataelewa, alisema ana kikao cha jumuiya, akaaga. Mlangoni alirudia, kwa upole, kwamba wasiguse mipangilio.

Mama Miwani alikwenda jikoni akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Alikuwa na hasira na wale watu wa kamera, na mwanamume wa Kiingereza ambaye pengine alilipwa kwa saa na hakuwahi kushika pamba, na nafsi yake pia, kwa kuwa alikuwa ameamka asubuhi amefurahi. Ilimuuma zaidi hiyo ya kufurahi.

Kutoka sebuleni kukasikika: "Ee, we—" Kisha kimya. Kisha tena: "Ee, we—"

Alichungulia. Mzee alikuwa ameshika rimoti. Kila ile sauti nene ilipotaka kuanza, alirudisha nyuma. Alikuwa amegundua kwamba kila anapofungua mdomo kunabaki pengo dogo, neno moja au mawili, kabla hajafunikwa. Alikuwa akizikusanya zile punje. Ee, we. Sasa wewe. Haya tazama. Kitinda alikuwa akirudia baada yake, akimwigiza, "Ee, we," na mzee akitikisa kichwa kumkubalia, kama mwalimu.

Hilo Mama Miwani hakuliweza. Alichukua rimoti.

"Nipe, Baba."

Mzee akamwonyesha kwa kidole: usifute.

"Sifuti. Nataka kuona ni nini hicho tusichotakiwa kukigusa."

Alikuwa mtu wa vitu vidogo vinavyokaa mahali pake. Mtu akimwambia asiguse skrubu fulani, alijua tatizo liko kwenye skrubu hiyo. Akafungua mipangilio. Picha, hakuna kitu. Akafungua sauti. Hapakuwa na kufuli, hapakuwa na siri. Palikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza uliandikwa Kiingereza, nao ulikuwa umewekewa alama. Wa pili uliandikwa: Kiswahili, sauti halisi.

Aliusoma mara mbili. Akabonyeza, akarudisha filamu mwanzo.

Vumbi. Fimbo. Mdomo ukafunguka.

"Ee, we godoro wewe, nani kakufanyia hivi? Hapana, usinijibu, namjua. Nilimwambia asikuache juani, akasema ndiyo mzee, ndiyo mzee. Ndiyo mzee zake ndizo hizi, zimeshikana madonge."

Ilikuwa nyembamba kuliko alivyokumbuka. Hilo ndilo lililomshika. Kabla haijaanza kumpotea alikuwa akiitunza kichwani kama sauti nene, ya baba, na kumbe ilikuwa ya juu kidogo, ya haraka, yenye kukwaruza mwishoni mwa maneno kama mtu anayekaribia kucheka. Ndiyo yenyewe. Alikaa sakafuni pale pale alipokuwa.

Kitinda alimgeukia babu yake akamtazama mdomo. "Ni wewe?"

Mzee akapiga kifua mara moja.

"Mbona unaongea sana?"

Walitazama. Mzee wa kwenye TV akamsema mama wa duka la mkaa kwenye tundu la godoro, neno kwa neno kama alivyoandika. Akamsema bwana harusi mmoja. Akaeleza jinsi ya kujua pamba imepigwa vya kutosha, unaitia shavuni, ikikuwasha bado ina chuki. Mzee wa kwenye kiti alikuwa akisogeza midomo, akijifuata. Mama Miwani alijiambia atalipa. Bila mjadala. Atalipa hata wakipandisha bei.

Kisha ikafika ile sehemu ya kukohoa. Mzee alijishika koo, na sauti ya mwanamke nyuma ya kamera, mwuliza maswali, ikasema, "Pumzika kwanza, mzee. Unakohoa sana."

"Koo hili, mama, lina miezi linanikwaruza. Hata kumeza siku hizi kazi. Nimemwambia mwanangu mkubwa anipeleke hospitali. Anasema tumalize kwanza hii sinema yenu, nikianza kuzungushwa na madaktari nyinyi mtakata tamaa mwondoke. Basi malizeni haraka, nikapimwe."

Nyuma ya kamera watu wakacheka. Mzee naye akacheka. Fimbo ikapanda, pamba ikaruka.

Mama Miwani akasimamisha picha.

Alikumbuka ukumbi wa hospitali, harufu ya dawa ya sakafu, daktari mwanamke mwenye macho yaliyochoka akisema, mngekuja mapema kidogo tungekuwa na namna nyingine. Na Mwenyekiti, mkono begani kwake: Mzee hakusema chochote. Unajua alivyo mbishi. Mama Miwani aliyashika maneno hayo akayafanya yake. Miaka yote hii alimgombeza baba yake kwa hayo. Akimsafisha lile tundu, akimbadilishia kitambaa, alisema mbele ya wageni: ndiyo faida ya kuficha ugonjwa, ndiyo ubishi huo. Na mzee alikuwa akikaa kimya, kana kwamba alikuwa na namna nyingine.

Lakini alikuwa nayo. Alikuwa na simu.

"Baba," alisema. "Ulikuwa unajua nakulaumu bure. Kwa nini hukuandika?"

Mzee aliandika polepole, akafuta, akaandika tena.

Ningekwambia ungemuua. Halafu nani angenizika.

"Usinichekeshe."

Sikuchekeshi. Nina nyinyi wawili tu.

Mama Miwani akampeleka Kitinda kucheza nje, akampigia Mwenyekiti.

"Njoo."

"Niko kwenye kikao."

"Kifunge."

"Kuna nini? Mzee yuko salama?"

"Mzee anaongea. Njoo umsikie."

Upande wa pili kukawa na kimya kirefu, na katika kimya hicho Mama Miwani alipata jibu la swali ambalo alikuwa bado hajaliuliza. Mtu asiyejua angesema, anaongea vipi?

Alikuja bila koti. Hakukaribishwa kiti. Mama Miwani alirudisha filamu nyuma kidogo na kuiacha iende, akasimama mahali ambapo angeuona uso wa kaka yake badala ya TV. Koo hili, mama, lina miezi. Mwenyekiti alitazama zulia mpaka pale watu wanapocheka.

"Uliiona lini?" aliuliza Mama Miwani.

"Dada, tuongee nje."

"Nje kuna mtoto. Uliiona lini?"

"Siku ile jirani aliponiambia. Ndani ya gari."

"Ukaona hiyo, ukabadilisha lugha, ukaja hapa na koti."

"Nilitaka mzee akumbukwe vizuri."

"Na nani? Na wewe?"

"Ilikuwa wiki chache tu." Sauti ya kikao ilikuwa imemtoka, amebaki na sauti ya kawaida ambayo watu hawakuizoea. "Walisema wamebakiza kidogo. Nilidhani ni vumbi. Fundi magodoro akikohoa utadhani nini? Kila mtu alidhani vumbi."

"Kila mtu hakuambiwa. Wewe uliambiwa."

"Daktari hakusema kwa uhakika kwamba zile wiki ndizo—"

"Usimtaje daktari. Daktari alisema mapema, na wewe ukanishika bega ukaniambia mzee hakusema. Mkono huo huo. Nimemgombeza baba yangu miaka yote kwa uongo wako. Nimemgombeza nikimsafisha."

Mwenyekiti akamgeukia mzee. "Baba, mimi nilikuomba msamaha. Palepale hospitali, kabla hawajakuingiza. Mwambie."

Mama Miwani akamtazama mzee. Mzee akakubali kwa kichwa.

"Umemwomba yeye," alisema Mama Miwani. "Mimi ukaniachia uongo niutunze."

Mwenyekiti alijifuta uso kwa kiganja. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutafuta azimio hata nyumba ikiungua, akatoa simu yake mfukoni. "Basi. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo, haina maana kulipia kitu hiki. Kinaleta fitina tu ndani ya nyumba. Usajili niliufungua mimi, naufunga mimi. Tuanze upya."

"Mchana ilikuwa heshima ya nchi mia."

"Dada, naomba."

"Fungua mdomo tena useme fitina."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kioo. Mzee Pamba akainuka kwenye kiti. Hakuwa mtu wa haraka siku hizi, lakini alifika, akaichukua simu mkononi mwa mwanawe kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, bila hasira na bila kuuliza. Akaandika humo humo, kwenye simu ya Mwenyekiti, akawaonyesha wote wawili.

Usifunge. Bado sijamaliza kujisikia.

"Baba, hata ile sehemu?" aliuliza Mwenyekiti.

Mzee akaandika: Yote ni mimi.

Akarudi kukaa, akachukua rimoti. Mwenyekiti alibaki amesimama katikati ya sebule, mikono haina kazi. Mama Miwani alimwacha asimame. Alileta kadi yake ya benki, akafungua usajili mpya kwa jina lake mwenyewe, akaweka neno la siri ambalo Mwenyekiti hawezi kulikisia maana halikumhusu. Alipofika kwenye mstari wa Kiswahili aliuwekea alama kwa kubonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hakuuliza kama inafaa kulipia. Alikuwa ameuliza wiki nzima, na jibu lilikuwa limekaa pale kwenye kiti likiongeza sauti.

"Mchango wangu nitatuma kwa nani?" aliuliza Mwenyekiti, taratibu.

"Kwa yeyote. Si kwangu."

"Nije Jumapili ijayo?"

"Ni kwa baba yako. Mimi siwezi kukuzuia mlangoni. Ila ukija utakaa utazame mpaka mwisho kama sisi, na rimoti anashika mzee."

Alikuja. Alikuja pia iliyofuata. Kitinda alishajua filamu nzima kwa moyo, akawa anayaambia magodoro ya nyumbani maneno ambayo si ya umri wake, na mama yake hakumkemea. Ikifika ile sehemu ya koo mzee hakuiruka wala hakuirudia, aliiacha ipite kwa mwendo wake, na Mwenyekiti alitazama mbele. Watu wa ukoo walipouliza kama programu ile ina thamani ya pesa, Mama Miwani aliwajibu kwamba nyingine zote humo ni takataka za simba na swala.

Mwezi wa bure ulipokwisha alilipa akiwa na hasira. Mwezi uliofuata akalipa tena, na hasira ilikuwa bado ipo.